Chujio Lililomfikisha Ikupa Iringa

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Lutengano,

Ugonile. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako mnaoamkia mashambani huko Ruaha Mbuyuni, na kwamba joto la bondeni halijakuchosha kama lilivyokuchosha mwaka ule wa kwanza. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baridi ya mwaka huu imekaza kweli. Kuna asubuhi nimekuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na viazi vyangu vya upande wa mtoni vimeungua majani. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nipandapo kilima cha kanisa, lakini bado linapanda. Ng'ombe wako amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mwanao Saulo amempa jina la Mtandao, kwa kuwa, anasema, ukimhitaji hapatikani.

Vitunguu vinaendeleaje? Nilisikia maji ya mfereji yalipungua mwezi uliopita, nikakuombea. Najua umelima eneo kubwa kuliko mwaka jana, na kwamba huu ndio wakati wa kung'oa, mtu hawezi kuacha shamba mikononi mwa vibarua akaenda zake. Nayajua hayo yote, na bado nakuandikia jambo litakalokutoa shambani. Kwa hiyo nakuomba kwanza kitu kimoja: usiikunje barua hii katikati. Isome mpaka sahihi yangu, kisha ukasirike ukitaka.

Naandika habari za binti yako Ikupa. Najua uliniambia mara ya mwisho kwamba hutaki kuzungumzia habari za mtoto yule mpaka asimame mbele ya usharika na kutubu. Kila nilipojaribu kwenye simu ulikata, na safari moja ulisema mtandao mbaya wakati nasikia jogoo wa jirani yako akiwika vizuri kabisa. Ndiyo sababu nimerudia kalamu. Karatasi haikatiki. Mtoto yuko Iringa kwa dada yetu Blandina tangu likizo ya mwezi wa sita. Wenzake wa kidato cha pili wamerudi darasani, yeye yuko chini ya dirisha la shangazi yake anashona mapindo ya sketi za wanafunzi wengine. Jina lake limetolewa kwenye darasa la kipaimara. Ikiwa wewe hutasema neno, mwaka huu wote umempotea, na ninaogopa kwamba kitakachompotea ni zaidi ya mwaka.

Niruhusu nianzie mwanzo, maana wewe ulisikia vipande vipande kwa simu, na mimi nimekuwa mwalimu muda mrefu mno hata siwezi kueleza jambo kuanzia katikati.

Unakumbuka lile tukio la binti wa Kalinga, fundi bomba. Mtoto wa darasa la sita alikuwa akicheza mchezo kwenye simu ya mama yake, na ndani ya mchezo ule kuna mahali watu huandikiana. Mtu mmoja akajifanya mtoto mwenzake, akamsifu, akamtumia vocha, mwishowe akamwomba picha ambazo mtoto haombwi. Mama yake aliwahi. Lakini jumuiya yetu yote ilitetemeka, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba nyumbani kwake kuna simu kama ile, na mtoto kama yule. Tuliwahi kujenga uzio wa matete kuzuia mbuzi, tukaweka chupa juu ya ukuta kuzuia wezi, na sasa mgeni alikuwa ameingia mpaka kitandani bila kubisha hodi.

Ndipo wazee wa kanisa wakaniita. Walisema, Mwalimu, wewe ulifundisha fizikia, mambo ya mawimbi unayajua, tutafutie dawa. Nilikwenda mjini kwa kijana mmoja wa kompyuta akanionyesha programu ya kuchuja. Ukiiweka kwenye simu, inasimama mlangoni. Kila ukurasa unaoombwa unapita mbele yake kwanza. Ukiwa mbaya inauzuia, kisha inapeleka taarifa kwa mtu aliyewekwa kuwa msimamizi. Nilipoieleza kwenye jumuiya watu walifurahi sana. Mama Veneranda peke yake, unamjua kwa ulimi wake, alisema: "Basi Mwalimu utatuona mpaka tunachopika." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, Lutengano, na lilikuwa kosa la watu wema. Programu ile imetengenezwa kwa ajili ya nyumba moja: baba na mama ndio wasimamizi, watoto ndio wasimamiwa. Sisi tuliifanya ya jumuiya nzima. Tulisema, tunasali pamoja, tunazikana pamoja, tunalima shamba la kanisa pamoja, kwa nini kila nyumba ihangaike peke yake na mambo isiyoyajua? Simu zote zikaunganishwa kwenye msimamizi mmoja, na msimamizi huyo nikawa mimi. Taarifa za nyumba zote zilikuja kwenye simu yangu kila Jumamosi. Vijana walinibatiza Mzee Bando. Nilipopita njiani walificha simu mfukoni hata kama walikuwa wanaangalia saa.

Wewe ulikuwa umenipigia kutoka huko Mbuyuni ukasema, kaka, nyumba yangu naiweka mikononi mwako. Niliipokea kauli hiyo kwa uzito wote. Labda kwa uzito uliozidi.

Mwezi wa tano taarifa ilikuja kwamba simu ya Ikupa imejaribu kufungua maudhui ya watu wazima, yakazuiwa. Nilidhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Jumamosi iliyofuata ikaja tena, na safari hii ilikuwa mara nyingi, jioni baada ya jioni, wakati ule ambao mtoto anapaswa kuwa anajisomea. Taarifa yenyewe hutaja aina tu ya kilichozuiwa. Lakini chini yake pana mahali pa kubonyeza ili uone jina la ukurasa. Sikubonyeza. Nitakuambia ukweli kwa nini: niliona aibu. Nilijiambia kwamba mzee wa kanisa, mgane wa mke aliyemcha Mungu, hana haja ya kusoma majina ya uchafu ili ajue kwamba ni uchafu. Niliona kutobonyeza kuwa ndiyo heshima.

Sasa nikuambie usilolijua. Kabla sijakupigia simu, nilipeleka jambo lile kwenye maombi ya jumuiya. Sikutaja jina. Nilisema tu kwamba yuko binti mmoja wa kipaimara anayesumbuliwa na mambo machafu ya mtandaoni, tumwombee. Lakini jumuiya yetu unaijua ilivyo ndogo, na msichana wa kipaimara mwaka huu alikuwa mmoja tu. Watu walifumba macho kuomba, walipofumbua wote walikuwa wanamtazama Ikupa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, na mama yake nyuma yake. Kufika Jumapili habari ilikuwa imefika kwa mwinjilisti, na mwinjilisti alikuja kwangu kuniuliza tunafanyaje.

Yaliyofuata unayajua nusu. Tulikwenda nyumbani kwako, mimi na mwinjilisti, tukamweka mtoto katikati ya sebule. Nilimwuliza kwa upole. Nilimwambia kwamba kijana akianguka anainuliwa, ila kwanza akubali kwamba ameanguka. Alinitazama, akamtazama mama yake, akatazama chini. Nilimwuliza tena. Akasema hana la kusema. Mama yake alikuwa kwenye mlango wa jikoni, upande wa nyuma, uso ameuelekeza ukutani, kama afanyavyo siku zote ninapokuwapo.

Hili la uso ukutani nataka ulifikirie, kwa sababu sisi tumelizoea mpaka hatulioni tena. Baba yetu alipofariki, mimi nilikaa kwenye kiti chake. Mke wako amelelewa Tukuyu ndanindani, na bibi yake, kwa desturi ya zamani ambayo wengi wameiacha: mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Kwa kuwa mimi ndiye baba sasa, tangu siku uliyomleta hajawahi kunitazama machoni. Alipotaka kuniambia jambo alimtuma Ikupa. Mwambie baba mkubwa mbolea imefika. Mwambie baba mkubwa Saulo ana homa. Mtoto alisimama kati yetu akageukia huku na huku, na mimi nilimjibu mtoto, ingawa mama alikuwa anasikia. Ikupa ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake katika nyumba yetu. Sasa jiulize, mdomo huo ulipoketishwa katikati kama mshtakiwa, mama angesema kwa kutumia nini?

Lakini siku ile sikujiuliza. Nilikupigia, nikakuambia mtoto hakukana. Wewe ukasema, na maneno yako yalisikika sebule nzima kwa sababu simu yangu ina sauti kubwa: "Aondoke kwangu. Aende kwa Blandina mpaka atakapokiri." Nilijaribu kusema tusubiri. Sikujaribu kwa nguvu, moyoni niliona kwamba baba ana haki. Mimi mwenyewe nilimpeleka stendi. Alikuwa na begi la shule na koti la mama yake. Hakulia. Aliniambia shikamoo wakati basi linaondoka, na nilifikiri moyoni, mtoto huyu ana moyo mgumu.

Baada ya hapo nyumba yako ilinyamaza. Mama Ikupa aliacha kuja kwenye jumuiya. Saulo ndiye aliyekuwa akitumwa kwangu, lakini Saulo ni Saulo; ujumbe ukipita mikononi mwake nusu yake hudondoka njiani. Siku moja alikuja akaniambia mama amesema nimwombee. Nilimwuliza nimwombee nini. Akasema, "Hakusema. Ila ameacha kubeba maji upande wa kushoto." Nilidhani amechoka tu. Nikaomba ombi la jumla, kama tunavyofanya wakati hatutaki kujua.

Mwanzoni mwa mwezi huu, asubuhi, nilikuwa nje napanga mbegu za viazi nikasikia hodi. Niligeuka nikamwona mama Ikupa amesimama katikati ya ua wangu, peke yake, hana mtoto wa kusema kwa niaba yake. Kwa mazoea niligeuza uso ili apite. Hakupita. Akasema:

"Baba, nitazame."

Lutengano, mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi wetu na mke wangu, na bado ilinibidi kwanza niweke viazi chini. Nilimtazama. Kwa miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba mke wako ana kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa amekonda. Alinitazama bila kupepesa, na machozi yalikuwa yanashuka yenyewe bila uso kulia.

"Mtoto hakuangalia uchafu," alisema. "Alikuwa ananisomea ugonjwa wangu."

Kisha akanieleza yote, amesimama palepale. Tangu wakati wa kupalilia mahindi alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya njegere, haukuuma. Ukakua. Ngozi ikaanza kuingia ndani kama ganda la chungwa. Mama yake mzazi, unakumbuka tulivyomzika, alikwenda na ugonjwa huohuo, na alifariki muda mfupi baada ya kufanyiwa upasuaji, hivyo hospitali kwake ni jina jingine la kaburi. Simu yake ni kitochi kisichofungua chochote. Akamwonyesha Ikupa uvimbe. Mtoto wa kidato cha pili akamvua mama yake nguo chumbani, akatazama, akachukua simu akatafuta. Aliandika matiti. Aliandika chuchu. Aliandika picha, ili walinganishe ngozi. Na kila alipoandika, mlinzi wangu niliyemweka mlangoni alimfungia.

Hapa nifafanue kidogo, usije ukadhani programu imerogwa. Chujio halisomi kama mtu anavyosoma. Halijui huzuni wala tamaa. Lina orodha ya kurasa zilizokwisha kuhukumiwa, na kwa zile lisizozijua linatazama maneno na picha, linakisia. Titi kwenye ukurasa wa kahaba na titi kwenye ukurasa wa daktari, kwake ni titi. Ndiyo maana huwekwa mtu nyuma yake, ili pale linapokosea, mtu mwenye akili na huruma abonyeze, asome, aulize. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mama Ikupa alipoondoka nilichukua simu, nikarudi kwenye taarifa za mwezi wa tano, nikabonyeza pale nilipoona aibu kubonyeza. Kurasa nyingi zilikuwa za hospitali. Moja ilikuwa na kichwa cha habari kilichouliza ni lini uvimbe wa titi ni hatari.

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile sebuleni. Akajibu angelitajaje titi lake mbele ya baba mkwe na mwinjilisti. Kwa nini hakukuambia wewe? Alisema ulikuwa umeweka kila kitu kwenye vitunguu, angekuambia ungeacha shamba, halafu ikiwa si kitu angekuwa amekufilisi kwa woga wake. Hata Blandina hakumwambia, akijua dada yetu hawezi kukaa na neno bila kukupigia. Alikuwa amemwapisha Ikupa asimwambie mtu yeyote mpaka wajue ni nini. Mtoto alishika kiapo. Alishika mbele ya jumuiya, mbele yangu, mbele ya sauti yako iliyomfukuza, mpaka kwenye basi. Mama yake alitegemea kwamba wiki moja ungelainika, naye angepata ujasiri. Hukulainika, na ujasiri ulichukua muda kufika.

Sikukungoja wewe kwa jambo la hospitali, nisamehe. Nilimwita mama Matilda wa jumuiya, yule muuguzi mstaafu, akampeleka siku hiyohiyo. Walichukua kinyama cha uvimbe wakapima. Majibu yametoka. Mdogo wangu, ni saratani. Kaa chini kama umesimama. Daktari, mama mtaratibu sana, amesema bado haijaonekana kwenda mbali, na kwamba inatibika ikiwahiwa: kwanza upasuaji, kisha dawa. Amempangia Jumatano ya wiki ijayo. Alisema pia jambo ambalo nimeshindwa kulala nalo, kwamba ingekuwa vyema zaidi kama tungefika mwezi wa tano.

Lakini mama Ikupa amekataa. Hakatai upasuaji, anakataa kulazwa. Mama Matilda amembembeleza, mchungaji amembembeleza. Anasema, "Sitaingia pale mtoto akiwa bado amebeba mzigo wangu. Nikifa mezani, yeye atabaki mchafu maisha yake yote." Na hilo ni kweli.

Alhamisi iliyopita kwenye jumuiya nilisimama nikasema nilimshuhudia mtoto uongo. Nilisema Ikupa hakuangalia jambo lolote baya, na kwamba mwenye kuhitaji maombi ni mimi. Kisha mzee Danieli akasema, "Mwalimu, kumbe siku zote ulikuwa unasahihisha bila kusoma majibu." Hakuna aliyecheka, na hakusema ili wacheke. Wengine waliuliza, kama si uchafu, basi ilikuwa nini? Nikawajibu kwamba hilo si lao. Mchungaji amekwisha kulirudisha jina la mtoto kwenye darasa la kipaimara, na mwalimu mkuu wa shule yake amekubali kumpokea. Kama ni milango ya huku, imefunguliwa.

Usidhani kwamba tumetupa chujio. Wapo waliotaka, nikawakatalia. Yule mtu wa binti wa Kalinga bado yuko mahali fulani anajifanya mtoto. Lakini nimeziondoa nyumba zote mikononi mwangu. Sasa kila nyumba inajisimamia, baba na mama wanasoma taarifa pamoja na mtoto akiwapo, wanabonyeza, wanauliza kabla ya kuhukumu. Simu zinachajiwa sebuleni, hazilali na watoto. Wakati wa chakula zinawekwa kwenye kapu, za wakubwa pia, jambo ambalo limewauma wakubwa kuliko watoto. Na maombi ya kutaja dhambi ya mtu bila kumtaja jina tumeyakomesha kabisa. Mama Veneranda ameniambia sasa anaweza kupika kwa amani.

Basi Ijumaa nilikwenda Iringa. Nilifikiri nitamwomba mtoto msamaha, nimchukue, turudi wote, na wewe ungekuta mambo yamekwisha. Nilimkuta pale kwa Blandina, Kihesa, anakata nyuzi kwa meno. Alisimama, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Nilimwambia kila kitu, kwamba mama yake amevunja kiapo mwenyewe, kwamba najua, kwamba nilikosa. Hapo ndipo alipolia, na Blandina naye, na cherehani ikasimama. Aliuliza kwanza habari za mama yake. Aliuliza kama ngozi imefanya kidonda. Baada ya hapo nikamwambia afunge begi twende.

Akatikisa kichwa. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa nimeyarudia njia nzima kutoka Iringa mpaka Uyole nisije nikayapunguza.

"Baba mkubwa, wewe nimekusamehe. Wewe angalau uliniuliza. Baba hakuniuliza kitu. Nikirudi na wewe nitakuwa nimerudishwa kama nilivyoletwa. Aje yeye."

Nilimwambia baba yako yuko kwenye mavuno. Akasema anajua. Kisha akasema, bila hasira, kwamba tangu aende Iringa wewe umepita mara mbili kwenda na kurudi Mbeya, na kwamba Blandina alijua kwa sababu uliongea kwa simu na shemeji yako, mumewe, kutoka ndani ya basi pale Ipogolo, kituo cha kushukia Iringa. Mtoto alikuwa amesikia. Hukushuka.

Sikukutetea, Lutengano.

Sasa mambo yamekaa hivi. Mke wako haingii hospitali bila mtoto. Mtoto harudi bila wewe. Na Jumatano ya daktari haingoji vitunguu. Mke wako ndiye aliyeniomba nikuandikie mimi. Alisema akikuambia yeye utaona anamtetea mtoto. Barua hii imeletwa na Isakwisa, mtoto wa binamu yetu, aliyekuja huko na lori kupakia mzigo. Kesho asubuhi anarudi Mbeya. Panda naye. Shamba mwachie Sosthenes, jirani yako uliyeniambia ni mwaminifu. Vikioza vitunguu, mimi nina viazi, hatutalala njaa.

Njiani usijiandae na hotuba. Wewe huwa unajiandaa sana, na ukishajiandaa huwezi kusikiliza. Ukifika kwa Blandina, muulize mtoto lile ambalo hukumwuliza mwezi wa sita, halafu nyamaza umsikie mpaka mwisho, hata kama sasa jibu unalijua. Analo moyoni, na anahitaji kulitoa kwako, si kwangu. Usimpigie simu kumtangulizia habari.

Blandina anakusalimu, amesema chai itakuwa motoni. Saulo anakusalimu na anataka umletee fimbo ya kuchungia Mtandao. Mchungaji na mwinjilisti wanakusalimu, mwinjilisti kwa unyonge, maana naye hajalala vizuri. Mama Ikupa hakutuma salamu ya maneno. Alipojua naandika alinyoosha ile kanzu yako ya kanisani, akaitundika mlangoni.

Nisalimie majirani zako wote wa Mbuyuni, na Mungu aliyekulinda kwenye joto akulinde barabarani.

Nimezungumza na Isakwisa. Ameniahidi kwamba atasimamisha lori Ipogolo. Kusimama ni kwake. Kushuka ni kwako.

Ni mimi kaka yako,
Sedekia